Safu Aliyoiongeza Karani

Sisi tuliofanya kazi naye tulimwita Karani, wazee walimwita Karani, na hata mkewe, siku aliyomletea mwavuli, alisimama getini akauliza, "Karani yupo?" Jina lake ninalijua. Sitaliandika, kwa sababu yeye hangependa liandikwe na mtu ambaye hakumwomba ruhusa, na sasa siwezi tena kumwomba.

Mimi nilikuwa mpishi wa nyumba ya wazee, nje kidogo ya mji wa Bagamoyo, toka miaka ya mwisho ya sitini. Shule niliishia darasa la nne. Kabla ya hapo nilisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, kwa hiyo herufi za Kiarabu ninazisoma, polepole, kwa kidole. Nina madaftari ninamoandika mambo ya siku. Haya ninayatoa humo, lakini humo pia kuna makosa, maana mara nyingi niliandika nimechoka. Nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Wazee wetu walikuwa thelathini na kitu. Wengine hawakuzaa, wengine walizaa wakazika, wengine walikuja pwani zamani kukata mkonge wakasahau njia ya kwao. Mzee akiletwa, kabla ya kitanda, kabla ya chai, alipitishwa kwa Karani.

Kumpitisha mtu kwa Karani kulikuwa hivi. Aliyemleta mzee, awe mpwa, awe balozi wa nyumba kumi, aliletwa kwangu jikoni akanywe chai, apende asipende. Karani alifunga mlango wa ofisi, akaacha dirisha wazi ili mgeni asione amefungiwa. Swali la kwanza halikuwa jina. Lilikuwa, "Tukuiteje hapa?" Mzee mmoja, mchukuzi wa zamani ambaye maisha yake yote hakuwahi kumiliki hata baiskeli, alisema tumwite Sultani. Karani akaandika Sultani bila kucheka, na tukamwita Sultani mpaka tunamzika.

Akimaliza kuandika, alimsomea mtu yote aliyoyaandika, neno kwa neno, kisha ndipo kidole gumba kikatiwa wino. Hili hakuliruka kwa yeyote. Kulikuwa na mzee kiziwi, ambaye bila kumpigia kelele hasikii. Karani hakutaka apige kelele ofisini tukasikia sote. Basi akamshika mkono wakaenda shambani, kati ya mihogo, mbali kabisa. Tukawaona kutoka uani, Karani anapaza sauti mishipa imemtoka, na mzee anaitikia kwa kichwa, na sisi hatusikii kitu isipokuwa kunguru. Tulicheka sana siku ile. Sasa silioni kuwa jambo la kucheka sana.

Fomu ilitoka serikalini. Ilitaka jina, kabila, umri, maradhi, na mtu wa kuarifiwa. Penye kabila Karani alijua pwani yetu ilivyo. Wapo watu ambao babu zao hawakuja huku kwa hiari yao, na kumuuliza mtu huyo asili yake ni kumvua nguo. Aliandika "wa hapa". Afisa aliyekuja kukagua alimuuliza wa hapa ni kabila gani. Karani akamjibu, "Ni wengi, bwana."

Na kulia mwa fomu, baada ya mtu wa kuarifiwa, alichora kwa rula na penseli nyekundu safu yake mwenyewe. Juu yake aliandika: asiarifiwe. Hakuna aliyemwagiza. Nilimuuliza maana yake nini, akasema kila mtu ana wa kuitiwa siku ya kufa, na wengi wana wa kutoitiwa, na hao wa pili ndio wanaosahauliwa na serikali.

Msidhani alikuwa mtu wa kimya. Hapana. Ya kwake aliyatoa yote. Tulijua jipu lake lilipotokea, tulijua anaogopa ng'ombe, tulijua mkewe anakoroma na kwamba wamegombana kwa ajili ya dari. Habari za mji alizipenda mno. Muuza samaki akipita, Karani alimweka nusu saa kumuuliza nani kaposa na nani karudishwa. Lakini ya nyumba ile hayakuvuka geti. Mkewe aliniambia kwamba kifo cha Sultani alikijua alipomwona mumewe akipita na sanda kwapani.

Alikuwa na kununa pia. Ukimuuliza jambo mara mbili, siku nzima unaongea na mgongo wake. Na alikuwa na kosa moja ambalo naona ni haki nilitaje, maana ndilo lililozaa mengine. Yote aliyoambiwa aliyaandika kama alivyoambiwa, isipokuwa umri. Katika umri hakumwamini mtu. Alimuuliza mzee alikuwa na kimo gani Wajerumani walipoondoka, akapiga hesabu zake, akaandika anachojua yeye. Mzee Kibwana, mkulima wa Mkange aliyeletwa kwetu miguu ilipokataa shamba, akawa wa kujikokota kwa mkongojo, alisema ana miaka tisini. Karani akamwandika sabini na mbili. Waligombana miaka miwili. Kibwana alidai kwamba amepunguziwa heshima, na nadhani kweli alipunguziwa.

Sasa nieleze kwa nini daftari liligeuzwa herufi.

Mwanzoni Karani aliandika kwa herufi za shule, kama watu wote wa ofisi. Siku moja akaja afisa kijana kutoka Dar es Salaam, mtu mwenye adabu, shikamoo zake hazikupungua. Akaomba daftari ahakiki wazee. Akaketi barazani, akatukusanya wote, akaanza kuita majina kwa sauti, na mbele ya kila jina akasoma maradhi. Fulani, kifafa. Fulani, hajizuii mkojo. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Alikuwa anasoma kilichoandikwa. Mzee aliyesomewa mkojo alinyanyuka akaingia chumbani, na kwa siku tatu chakula chake nilikipeleka huko. Karani alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha afisa, akitazama chini.

Wiki ile ile akaanza daftari jipya. Fomu za serikali alizijaza kwa ufupi, mambo ya kupita tu. Ya ndani, pamoja na ile safu nyekundu, akayaandika kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, khati nzuri iliyonyooka, kwa kuwa ujanani alikuwa mwandishi kwa kadhi. Maafisa wa siku zile walikuwa watoto wa shule za serikali. Wakifunua, waliona mistari tu, wakafunika. Karani alifurahi sana na jambo lile. Aliniambia sasa hata waje kumi.

Hakukumbuka, wala mimi sikukumbuka, na hili mpaka leo linanishangaza, kwamba waliokuwa wakiishi na daftari lile si maafisa. Ni wazee wa Kiislamu wa pwani, na karibu wote walikaa chuoni utotoni. Alilificha kwa wapitao akaliacha wazi kwa wakaao.

Siku lilipofunuliwa, lilikuja lori limebeba mgonjwa. Karani alikimbia getini, daftari likabaki mezani. Alipopita jikoni aliniambia nimtazamie mlango. Au aliniambia niufunge. Nimejaribu kukumbuka neno lenyewe, silipati. Nilisimama pale kidogo, nikasikia harufu ya wali unaungua, nikaenda. Ningesema nilirudi mara moja, lakini sivyo, niliongea na mwanamke aliyeleta kuni. Niliporudi mlango ulikuwa kama nilivyouacha. Daftari langu la siku hiyo linasema hivi tu: wali umeungua.

Ijumaa iliyofuata, wanawake walipokaa kula, nilipeleka masinia matatu kama kawaida. Bi Tatu akasogea kwenye sinia lake. Wenzake wakaondoa mikono, mmoja mmoja, kama waliokwisha kushiba.

Bi Tatu alikuwa mzee mfupi, mcheshi, anayenitania kwamba wali wangu unafaa kukandikia ukuta. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vifupi. Alisema aliungua ujanani kwenye chungu cha kuchemshia chumvi, na sisi tuliamini. Kwa mikono ile ile alinichambulia mchele kila asubuhi, na hakuna aliyeona jiwe kama yeye. Jioni ya Ijumaa ile Bi Mwanaharusi, aliyelala kitanda kilichopakana na chake, alinifuata jikoni akaniomba kwa upole mchele wao usichambuliwe tena na yule. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hivyo si vidole vya chumvi, ni ukoma, na Kibwana amekiona kwa macho yake kimeandikwa.

Kesho yake Bi Tatu alipokuja kuchukua ungo, nilimwambia leo apumzike. Niliuchukua ungo mkononi mwake. Hilo nililifanya mimi, si Mwanaharusi. Akanitazama, akasema haya mwanangu, akaenda kukaa na bakuli lake karibu na mlango wa stoo. Alikula pale siku nne. Siku ya tano nikamwambia Karani.

Hakuniuliza nani kasoma, nadhani alikisia. Alikaa, akavua kofia, akaivaa tena. Kisha akaenda pale stoo, nami nilikuwa ndani ya jiko, ukuta mmoja, nikasikia.

"Bi Tatu, jambo lako limetoka," alisema. "Limetoka mezani kwangu."

"Limefika wapi?"

"Hapa uani. Nimekuja kukuuliza, niseme lipi na nisiseme lipi?"

Bi Tatu aliweka bakuli lake chini. Kisha akasema waambiwe amepona, na cheti alichopewa huko alikotibiwa kisomwe, Karani si anacho? "Lakini la mwanangu usiliguse," akasema. "Mkange wanajua mamaye alikufa. Kaolewa kwa hilo, akazaa kwa hilo, na sasa ana binti wa kuoza. Wakisikia nyanya yake ni mimi, nani atamchukua?"

Hapo ndipo nikaelewa. Ukoma na huyo mwanawe wa kutoarifiwa vilikuwa katika ukurasa mmoja, vimeachana kwa safu moja tu. Aliyesoma cha kwanza kasoma na cha pili. Na Mzee Kibwana ni mtu wa Mkange, na wapwa zake huja kumtazama kila mwezi na kikapu cha ndizi. Kabla hawajaja zilibaki siku tisa.

Cheti kilisomwa uani asubuhi ile, na Bi Tatu mwenyewe amekaa hapo. Wanawake wawili walirudi kwenye sinia lake mchana. Wengine walichukua wiki, wengine mwezi. Bi Mwanaharusi hakurudi kamwe, na sitaki mumwone mbaya. Kaka yake alichukuliwa na maradhi hayo wakati hayana dawa, akajengewa kibanda porini, na yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula na kukiacha juu ya jiwe. Mtu huyo ukimwambia cheti, cheti ni karatasi.

Kwa Kibwana, Karani alikwenda adhuhuri. Nilikuwa nimempelekea mzee uji, nikataka kutoka, Karani akasema nibaki. Kibwana akaanza kujitetea kabla hajasemeshwa: alikuwa anatafuta umri wake tu, ana haki ya kuujua, na kosa ni la aliyemwandika sabini na mbili. Karani akakubali kwamba ana haki. Akaliweka daftari magotini pa Kibwana, akalifungua.

"Huu ndio ukurasa wako," akasema. "Soma wote, mpaka mwisho wa mstari."

Kibwana alisoma kwa kidole, kutoka kulia kwenda kushoto. Sijui kilichokuwamo. Niliuona uso wake ukifika mwisho wa mstari, ukasimama.

"Sasa niambie," Karani akasema, "huu nimsomee nani?"

Mzee Kibwana akafunga daftari. Akasema wapwa zake hawatasikia neno.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Kuna siku naona Karani alimfundisha mwenzake kwa njia pekee iliyobaki. Kuna siku naona alimtisha mzee mlemavu kwa siri ambayo yeye mwenyewe alipewa kwa amana, na akaniweka mimi shahidi ili tisho lizidi uzito. Yawezekana yote mawili. Yeye kesho yake aliufuta umri wa Kibwana akaandika tisini.

Wapwa walikuja na ndizi. Nilipita na kupita nikijifanya nafagia. Kibwana aliwaeleza kwa saa nzima kwamba serikali imemkubali kuwa na miaka tisini. Wakaondoka. Habari haikwenda Mkange.

Au ilikwenda baadaye, kwa njia nyingine. Maana mwaka uliofuata, Kibwana ameshakufa, alikuja mwanamke wa makamo akakaa kwenye benchi ya ofisi. Nani alimwelekeza sikujua, na sitamzulia marehemu. Aliuliza kama yupo hapa mtu anaitwa Tatu, wa kutoka Mkange, aliyekuwa mgonjwa zamani. Karani hakusema yupo, hakusema hayupo. Aliniambia nimpe mgeni chai, akaja jikoni, ambako Bi Tatu alikuwa amesharudi kwenye ungo wake, akamwambia kuna mgeni, na ni nani.

Bi Tatu akasema, "Mwambie hakuna."

Karani alirudi. Hakusema hakuna, nilisikia vizuri. Alimwambia mgeni kwamba nyumba ile haijibu swali la namna hiyo kwa mtu yeyote, hata angekuwa waziri, na kwamba anaomba radhi. Yule mwanamke akakaa. Alikaa mpaka alasiri, hakulia, hakubishana. Bi Tatu alichambua mchele wa siku tatu. Mara moja tu aliniuliza, bila kuinua kichwa, mgeni amevaa nini. Nikamwambia kanga mpya, na viatu.

"Ana viatu," akasema.

Nilimsihi Karani amwendee tena. Nilimsihi mara mbili, na akaninunia. Lakini alikwenda, maana nilimwona ameinama karibu ya ungo, na Bi Tatu akitikisa kichwa. Mgeni aliondoka. Bi Tatu alifariki masika iliyofuata, na Karani akafanya kama alivyoandika. Mkange hakupelekwa mtu.

Nilimwona Karani kwa mara ya mwisho alipokuwa ameshaacha kazi. Mtoto wa jicho alikuwa amemla macho yote mawili, anaona kivuli cha mtu, sura haoni. Mimi nilikuwa bado jikoni, na ni jikoni yule mwanamke alinikuta, amerudi, safari hii amekuja moja kwa moja kwangu. Alisema binti yake ameshaolewa na ameshazaa. Alisema hataki kuambiwa lolote, yeye anajua analolijua. Anataka mahali tu pa kuombea dua.

Sikuwa na ujasiri wa kumpa wala wa kumnyima. Nikampeleka kwa Karani, mji wa zamani, tukamkuta ukumbini anasikiliza redio. Nikasema nimekuja na mgeni, na mgeni akatoa shikamoo, na Karani aliposikia sauti ile akaizima redio. Akamwitikia marahaba. Mwanamke akarudia maneno yale yale, kwamba hataki kuambiwa, anataka mahali.

Mkewe alichungulia mlangoni, na Karani akavaa kofia yake. Kisha akaomba bakora.

"Mimi leo nakwenda makaburini," akasema. "Njia si yangu. Anayepita apite."

Njiani mwanamke alitangulia kidogo, kwa adabu, nami nikapata nafasi niliyoitafuta miaka yote. Nikamwambia Karani habari ya mlango, wali, na mwanamke wa kuni. Hakushtuka. Aliuliza kama nilimwambia Bi Tatu. Nikasema sikumwambia. Akasema, "Basi umemwambia asiyehusika," akaendelea kupapasa njia kwa bakora. Hakulisema kwa hasira, na mimi sina la kujitetea.

Makaburi ya nyumba yetu hayana majina, ni jiwe la matumbawe kichwani, basi. Karani aliingia akiwasalimu wote. Akatembea mpaka mwanzo wa mstari mmoja, akasimama hapo mwanzoni, hakusogea zaidi, akainua mikono akasoma Fatiha. Alipomaliza akasema mstari huu yeye huuombea. Kisha akarudi njiani akasimama ametupa mgongo.

Mwanamke akaniuliza, "Ni lipi?"

Nilimtazama Karani. Nilikuwa nalijua. Lilikuwa la tano, mimi mwenyewe nilikuwapo. Mdomo wangu ulifunguka, na sikusema.

Akangoja kidogo. Kisha akavua viatu, akajifunga kanga kiunoni, akachuchumaa kwenye kaburi la kwanza akaanza kung'oa majani. Alilisafisha lote, akalisogeza jiwe likae sawa, akahamia la pili. Kisha la tatu.

Jua lilikuwa kali. Nikamwendea Karani nikamwambia akae kivulini, maana yeye ni mzee. Akauliza makaburi yamebaki mangapi. Nikamwambia sita. Akasema, "Tumngoje."